Ukienda kusoma historia ya Wales, usiishie kwenye ngome

Nilisoma historia na akiolojia Bangor, kaskazini mwa Wales. Kijana akiniomba ushauri kuhusu kozi hiyo, namwambia jambo moja kabla ya mengine yote: usiitazame Wales kutoka juu ya ngome za Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyeiteka.

Ni nzuri mno, sibishi. Caernarfon, Conwy, Harlech na Beaumaris zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1986. Lakini zilijengwa na mshindi. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa Desemba 1282, na mwaka uliofuata kazi ya ujenzi ilikuwa imeshaanza Conwy, Caernarfon na Harlech. Ukianzia hapo utadhani historia ya Wales ilianza siku ilipotekwa.

Nenda Beaumaris, kisha vuka kisiwa hichohicho cha Anglesey hadi Newborough. Ngome ya Beaumaris ilipoanza kujengwa 1295, wakazi wa Llanfaes, mji wa biashara uliokuwa jirani, walihamishiwa Newborough. Na hapohapo, shambani karibu na kanisa, kuna misingi ya Llys Rhosyr, makao ya watawala wa Gwynedd, eneo la kaskazini-magharibi mwa Wales. Hakuna mnara wala lango. Ni kuta fupi na nyasi katikati, na inabidi uzunguke taratibu mpaka umbo la ukumbi likujie. Mchanga wa dhoruba uliyafunika kwa karne nyingi, hadi uchimbuaji ulipoanza miaka ya 1990. Pale nilielewa nani alitawala na nani aliondolewa, kuliko nilivyoelewa darasani.

Kiwelisi kianze muhula wa kwanza. Sheria za Hywel Dda, mfalme wa Wales wa karne ya 10, na kitabu cha historia ya wafalme kiitwacho Brut y Tywysogion zina tafsiri nzuri za Kiingereza, ila utakuwa unategemea macho ya mtu mwingine. Sisi tunajua hasara anayopata mtafiti wa Pwani asiyejua Kiswahili. Tena wenyeji wa Gwynedd wanaongea Kiwelisi dukani, shuleni na kanisani. Jaribu tu, watakuvumilia.

Kwenye mafunzo ya uchimbuaji, nunua suruali ya mvua iliyo imara na kitu cha kulinda magoti, maana siku nzima uko chini na mwiko mkononi. Usitamani dhahabu. Kinachotafutwa mara nyingi ni doa la duara, upana wa sahani, jeusi kidogo kuliko udongo wa pembeni: nguzo ya nyumba ilisimama hapo ikaoza. Udongo ukikauka doa linapotea, ukinyunyiziwa maji linarudi. Jicho hilo utalitumia popote. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, aliyechimbua Segontium, kambi ya Warumi pale Caernarfon, miaka ya 1920, alikuja Tanganyika 1955 na vigae vya kauri za Kichina vikamvutia sana.

Pita pia Penrhyn, karibu na Bangor, kasri la karne ya 19 la familia iliyotajirika kwa machimbo ya sleti, mawe ya kuezekea, na mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa. Uliza fedha ilitoka wapi.

Tasnifu iwe ya mahali padogo, hata parokia moja. Anza na Coflein, hazina ya bure mtandaoni yenye kumbukumbu za maeneo ya kale ya Wales, kisha chukua ramani ukatembee, na umwombe mkulima ruhusa kabla hujaingia shambani kwake.