Cambyses na yule fahali

Mhariri, mmeuliza: "Mgeni gani aliwatesa Wamisri wa kale kuliko wote?" Najua jina litakalojaa mezani kwenu: Cambyses, Mwajemi aliyeivamia Misri mwaka 525 K.K. na ambaye, kwa masimulizi ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alimchoma kisu cha paja fahali mtakatifu Apis kwa dhihaka hadi akafa. Kila fahali wa aina hiyo aliitwa Apis; akifa mmoja, mwingine alichukua nafasi yake. Mimi nataka kwanza tujue habari hiyo ilitoka kwa nani.

Twende Saqqara, makaburi ya kale nchini Misri, kwenye mahandaki walimozikwa mafahali hao. Kaburi la fahali lilikuwa na jiwe la kumbukumbu lenye tarehe zake. Mmoja alizikwa 524 K.K., na maandishi kwenye jeneza lake la jiwe yanasema Cambyses ndiye aliyelitoa, kwa ajili ya "baba yake" Apis. Aliyemfuata alikufa 518 K.K., mfalme mwingine wa Waajemi, Darius, akitawala, miaka minne baada ya Cambyses mwenyewe kufariki. Sasa aliyechomwa ni yupi?

Chanzo cha habari hiyo naona ni posho. Mafarao walizoea kuyapelekea mahekalu ng'ombe, ndege, kuni na kitani. Cambyses akakata ng'ombe nusu. Ndege akawafuta kabisa: makuhani wafuge mabata bukini wao wenyewe! Mahekalu matatu tu yalisalimika. Amri hiyo imesalia nyuma ya karatasi ya mafunjo iliyoandikwa baadaye, Wagiriki walipoitawala Misri. Herodotus alipokuja kuulizia mambo ya kale, makuhani ndio waliomsimulia.

Halafu yupo Udjahorresnet, mkuu wa merikebu za farao, aliyegeuka tabibu wa Cambyses na kumtungia jina la kifarao, Mesuti-Ra. Nilitaka kumwita msaliti. Lakini ndiye aliyemlalamikia mfalme kuhusu wageni waliopiga kambi ndani ya hekalu la mungu wa kike Neith, mjini Sais. Wakafukuzwa, nyumba zao zikabomolewa, hekalu likatakaswa. Nani mwingine angesikilizwa? Kweli, sanamu yenye maandishi yanayosema haya ni yake mwenyewe, tena inataja taharuki kubwa iliyoikumba nchi nzima. Kwa hiyo Cambyses simtakasi.

Hata hivyo kura yangu naipeleka kwa Warumi. Octavian, baadaye Kaisari Augusto, alipoitwaa nchi mwaka 30 K.K. alikataa hata kumtazama Apis, akisema yeye huabudu miungu, si ng'ombe. Ikafuata kodi ya kichwa, jina ambalo kwetu halihitaji maelezo: Mmisri wa kawaida alilipa tangu miaka 14 hadi 60 hivi, raia wa Alexandria wakasamehewa, na ngano ya mto Naili ikapakiwa kwenda Roma.

Nalisema hili kwa tahadhari. Kazi kubwa ya hekalu la Dendera ilifanyika chini ya Warumi hao hao, na kuta zake zinawaonyesha makaisari wakiwatolea miungu ya Misri sadaka. Na mtu wa Thebes, mji wa kusini mwa Misri, aliyeuona mji wake ukiporwa na Waashuru mwaka 663 K.K. angenikatiza mapema, kabla hata sijamtaja Cambyses.