Mama, Jumatatu si tatu?

*Maswali ya wasomaji kuhusu malezi na masomo ya watoto wadogo*

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, nina binti wa miaka mitano yuko chekechea. Nilimnunulia vitabu vya picha ili ajue siku na miezi, ila naona kama vinamchanganya tu. Kimoja ni kile cha kiwavi mwenye njaa cha Mmarekani Eric Carle, namsomea huku natafsiri mwenyewe, sasa kiwavi Jumatatu anakula tufaha moja, Jumanne anakula mapeasi mawili, mtoto ananikatiza "mama, Jumatatu si tatu?" nikakosa jibu kabisa. Kingine ni cha miezi, Disemba watoto wamevaa makoti wanacheza kwenye theluji, akaniuliza theluji yetu itakuja lini. Niendelee au nisubiri aingie la kwanza?

JIBU: Marahaba mama. Usisubiri, na hivyo vitabu usivitupe. Mwanao hajachanganyikiwa hata kidogo, amesikia kitu ambacho sisi wakubwa tumezoea mpaka hatukisikii tena, na mimi nimefurahi sana kusoma hilo swali lake manake watoto wengi wanaimba tu siku saba kama wimbo bila kusikiliza wanachoimba.

Mwambie hivi: kiwavi ni wa kwao, kule Jumatatu haina namba ndani yake. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, mosi ndo moja, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano, juma letu linafika mwisho Ijumaa siku ya watu kukusanyika msikitini. Alhamisi nayo ukiichunguza ni tano, ila tano ya Kiarabu, Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, ndo maana kwetu tano mbili zimekaa jirani. Hilo la Alhamisi usimpe sasa, mwachie akifika miaka saba nane hivi. Kwa sasa akijua kwamba namba imejificha ndani ya jina la siku inatosha, na kalenda yenu ya ukutani hata kama inaanza Jumatatu au Jumapili haina shida, mwambie huko ni kupanga tu.

Afu mtengenezee kitabu chake mwenyewe. Chukua karatasi ya manila, ikate vipande saba, shona pembeni kwa uzi. Mchore kuku na kiota chake: Jumamosi yai moja, Jumapili mawili, Jumatatu matatu, Jumanne manne, Jumatano matano. Alhamisi kuku anaanza kuatamia, Ijumaa bado ameatamia tu. Hapo kitabu kinaisha lakini hadithi haijaisha, kwasababu mayai ya kuku yanachukua kama siku 21, kwahiyo mnahamia kwenye kalenda ya ukutani, kila asubuhi anaweka alama moja kwa kalamu ya rangi, mpaka wiki tatu ziishe na vifaranga vitoke Alhamisi nyingine. Usimwambie mapema kwamba itaangukia Alhamisi, mwache aone mwenyewe. Kama jirani ana kuku anayeatamia kweli ndo raha zaidi, mpeleke akaone.

Kitu kimoja nakuomba sana mama. Usisome siku zote saba kwa kikao kimoja. Ukisoma hivyo wiki nzima inapita kwa dakika tano pale mkekani na mtoto hawezi kuelewa wiki ni ndefu kiasi gani. Soma ukurasa mmoja kwa siku, wa leo tu, afu mfunue wa jana mwambie "jana ulikuwa huu", mkunjulie kidogo wa kesho. Mtoto wa miaka mitano bado kila kilichopita anakiita jana, hata Krismasi anaweza kukwambia ilikuwa jana, usimcheke wala usimkaripie.

Theluji usiifute. Mwambie kuna nchi Disemba ni baridi kali, sisi kwetu Disemba ni maembe, afu mkabandike karatasi yenu pembeni ya hiyo picha muichore. Machi mpaka Mei mvua za masika, Juni na Julai sweta asubuhi. Na sikukuu zetu zingine zinajitaja zenyewe, Saba Saba ni tarehe 7 mwezi wa 7, Nane Nane tarehe 8 mwezi wa 8, hapo amepata tarehe na mwezi kwa mpigo.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Niko Tanga, kijana wangu ana miaka saba. Mwaka 2024 tulichora kitabu cha miezi, Idi tukaibandika mwezi wa 4, mwaka 2025 ikaja mwishoni mwa mwezi wa 3, akaniambia baba umekosea kitabu. Namwelezaje?

JIBU: Nzuri baba. Hujakosea, umetumia gundi tu, Idi ibandike kwa pini ili isogee. Mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, mwaka wake mzima ni kama siku 354, kwahiyo Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Yeye ana bahati kuzaliwa kwenye lugha yetu, mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja.

Fanyeni kitabu cha pili kidogo, cha kurasa 30, kila usiku achore mwezi alivyouona, kukiwa na mawingu achore mawingu. Na miezi mfundishe kama bibi zetu wa pwani, baada ya Ramadhani ni Mfungo mosi, Mfungo pili, hadi Mfungo tisa, ndo waje Rajabu, Shabani na Ramadhani tena. Idi kubwa iko Mfungo tatu, maulidi Mfungo sita, kwenye miezi hii ya mwandamo hizo hazihami. Ukurasa wa kwanza uanze na mwezi mwandamo, mtoke nje pamoja jua likishazama, muangalie upande wa magharibi, na msichelewe manake mwezi mchanga unatua upesi.