Southend sio tope tupu wakuu, angalieni mwezi kwanza

Mleta mada umeuliza sehemu ya baharini ya kwenda na mkeo kutoka London na kurudi siku hiyo hiyo, hamna gari, hela ya kuunga unga, na mkeo anakaa wiki mbili tu halafu anarudi Bongo. Hapo juu kuna mtu amekukatisha tamaa kwamba Southend, ule mji wa pwani mashariki ya London, ni tope tupu, bahari yenyewe haipo, bora mkazunguke madukani. Mimi nakaa Barking, treni ya Southend inapita hapa hapa kwetu, na waifu ni mtu wa Tanga aliyekulia pembeni ya maji, kwa hiyo nivumilieni nijibu kirefu kidogo. Jibu fupi ni nendeni. Na huyo wa tope hajadanganya, alifika maji yamekupwa akaangalia dakika kumi akageuza, angekaa masaa matano angeyaona yanarudi yenyewe.

Sisi tulienda bila mpango wowote. Waifu analea wazee, Jumamosi asubuhi ameshavaa yunifomu kabisa na viatu, meseji inaingia shift imefutwa, na wanaofanya hizi kazi wanajua shift ikifutwa ndio imetoka hiyo, hakuna hata pole. Akakaa kitandani kimya kama dakika tano halafu akaniambia "mimi leo sishindi humu ndani naangalia ukuta, nipeleke baharini." Nikajua anatania. Kumbe mwenzangu ameshaingia jikoni anafunga chapati za jana kwenye foili. Ilikuwa mwezi wa tano, jua lipo ila lile jua lao la kuangaza tu, joto hamna, nikabeba majaketi mawili akanicheka, baadae alivaa yote mawili.

Treni ni rahisi. Zinaanzia Fenchurch Street, sio stesheni kubwa wala maarufu, ipo karibu na Tower Hill, mpaka Southend Central ni kama saa zima. Sisi wa Barking tunaidakia njiani. Ila angalia ubao, kuna zinazopita Tilbury hizo zinazunguka sana, panda inayopita Upminster. Halafu kwa sababu mko wawili kuna kadi ya punguzo inaitwa Two Together, inakuwa na majina na picha zenu wote wawili, inakata theluthi moja ya nauli mkisafiri pamoja, wikiendi muda wowote na siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Bei yake paundi thelathini na kitu kwa mwaka, kwa hiyo kama mtatembea safari moja tu haikulipi, lakini kama mnataka kumpeleka shemeji na Oxford na sijui wapi, nunua. Kaeni upande wa kulia mkielekea Southend. Mkishapita Benfleet reli inashuka kwenye majaruba ya nyasi na vijito vya maji ya chumvi, na kushoto juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya Hadleigh, hapo waifu ndio akaanza kunyoosha shingo, akasema hii ni harufu ya pwani, mimi mtu wa Kilosa sikusikia harufu yoyote.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, msiende Southend moja kwa moja, shukeni Leigh-on-Sea, stesheni chache kabla. Mnatembea kama dakika kumi mnafika Old Leigh, mtaa mmoja tu mwembamba wa mawe, upande huu reli upande huu maji, na ndio kijiji cha wavuvi wenyewe. Kazi yao ni kombe, hawa wa baharini wa ganda mbili wanaojificha kwenye mchanga na tope. Boti zinavua, vibanda vinachemsha na kuuza hapo hapo, unapewa kwenye kikopo kidogo na kijiti cha kuchomea, siki na pilipili manga nyeupe unaweka mwenyewe. Waifu akauliza ndimu. Hakuna ndimu. Akauliza pilipili ya kweli. Yule mzee wa kibandani akamwonyesha ile ile pilipili manga. Akala akiwa amekunja uso, halafu akaagiza kikopo cha pili, akaniambia kombe wenyewe wako sawa ila wapishi hawajafundwa. Boti za hawa wavuvi wa Leigh zilienda mpaka Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940 wakati wa vita ya pili ya dunia kuokoa askari, na moja iliyoitwa Renown haikurudi, ilipigwa na bomu la majini na watu wake wote wanne wakafa. Unaiangalia ile mitumbwi midogo ya kombe unajiuliza walivukaje nayo.

Siku hiyo maji yalikuwa yanakupwa. Yaani unasimama ukutani unaona tope linang'aa mpaka macho yanaishia, boti zimelala ubavu, ndege wanadonoa. Mimi nikaanza kusema tumepoteza nauli. Waifu akaniambia "we mtu wa bara hebu tulia," akavua viatu akakunja suruali akaingia. Anatembea taratibu anasikilizia kwa vidole vya miguu, kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anachimba na kisigino, anainama, anainuka na kombe mkononi. Watoto wa Kizungu wawili wakaanza kumfuata nyuma wanamwiga. Mama yao anapiga picha. Waifu alikuwa anawaonyesha watoto halafu kombe anawarudisha kwenye tope, akasema hawa hawaliwi hivi hivi, hujui mto mzima wa London umemwaga nini humu. Aliporudi miguu ilikuwa myekundu kwa baridi na anacheka peke yake, sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona vile tangu tuhamie huku.

Onyo hapo. Msiende mbali kwenye tope. Maji ya huku yanaporudi hayaji kwa mbele kama mstari ulionyooka, yanapita kwanza kwenye mifereji, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu na nyuma yako tayari kuna mkondo. Kila mtu wa pwani anajua hili, ila mmoja wenu akiwa wa bara kama mimi amsikilize mwenzake.

Kutoka Leigh mpaka gati la Southend mnaweza kutembea kando ya maji, ni kama kilomita tano hivi tambarare, mnapita Chalkwell na Westcliff. Mkichoka njiani stesheni zipo. Upepo ndio mtihani, unapiga shavu moja njia nzima.

Gati sasa. Hili ndio refu kuliko yote duniani katika magati ya starehe, kilomita 2 na ushee, na sababu ya urefu ni tope lile lile mnalolisema vibaya. Zamani watu wa London walikuwa wanashuka na meli mto Thames kuja kupunga upepo, sasa meli haiwezi kusogea, maji yakikupwa yanaondoka kama maili moja. Ndio wakajenga gati la mbao likafunguliwa 1830, likawa bado fupi, 1846 wakalirefusha mpaka kwenye kina, hili la chuma la leo ni la 1889. Reli ya kutoka London ilikuwa imeshafika 1856, na 1871 Bunge lao likapitisha sikukuu za mabenki, yaani siku za mapumziko ya umma, basi wafanyakazi wa London mashariki wakawa wanamiminika huku kwa siku moja na kurudi usiku, yaani hii safari yenu mnayoiwaza ndio iliyoujenga huo mji. Limeungua 1959, likaungua 1976, mwaka 1986 meli ikalipasua katikati, 2005 likaungua tena, na bado lipo.

Kuingia unalipa, ukitembea unalipa kidogo na ukipanda treni unaongeza. Ndiyo, gati lina treni yake. Moja inaitwa Sir David Amess, yule mbunge aliyeuawa kwa kisu Oktoba 2021, alikuwa anapigania Southend iitwe jiji miaka yote na alipokufa ndio wakapewa hiyo hadhi. Mfanye hivi, mwende kwa miguu mrudi kwa treni. Kwa miguu ni kama nusu saa na ndio utamu wenyewe kwa sababu mnaanza juu ya mchanga, halafu tope, halafu vidimbwi, halafu taratibu chini ya mbao mnaanza kuona maji ya kijani, na mazungumzo yanakuja yenyewe, hamna simu hamna nini, mikono imo mifukoni. Sisi kule katikati ndio tuliongea mambo ya kujenga kwao Tanga ambayo tulikuwa tunayakwepa miezi. Tuligombana kidogo pia, eneo la choo cha nje, lakini tukamaliza kabla ya kufika mwisho.

Mwishoni kuna kituo cha boti za uokoaji za RNLI, hawa ni wa kujitolea na wanaendeshwa kwa michango tangu 1824, mkiwa na sarafu watumbukizieni. Kukiwa kweupe angalieni ng'ambo upande wa Kent, kwenye mji wa Sheerness, tuliona milingoti imechomoza majini. Mzee mmoja aliyekuwa anavua akatueleza, ni Richard Montgomery, meli ya mizigo ya Marekani, ilikwama Agosti 1944 ikiwa na shehena ya mabomu, baadae ikavunjika, na mpaka leo tani kama 1,400 za milipuko zimo humo ndani. Waifu akauliza na watu wanakaa tu pale mjini? Wanakaa. Akaomba turudi.

Pale pale gatini ndio waifu aliponyoosha kidole juu, mwezi ulikuwa umeshatoka mchana kweupe, nusu. Akasema kumbe haya ni maji mafu, na yamekwenda mbali hivi, bamvua lake litakuwaje? Kwa wenzangu wa bara, bamvua ni siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yanajaa sana na kukupwa sana, na maji mafu ni siku za mwezi nusu, tofauti inakuwa ndogo. Na hapa ndio point yangu kubwa kwa mleta mada. Kwao Tanga siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa ni mita tatu na kitu, Southend inapita tano. Na saa zake ni kinyume na za kwetu. Pwani ya kwetu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanakupwa asubuhi kama saa nne hivi, ndio maana akina mama wanaenda kuokota chaza muda ule. Southend mwezi kama huo maji yanajaa mchana, majira ya joto ni saa saba saa nane, muda ule ule ambao watalii wote wapo. Mwezi ukiwa nusu ndio mchana tope, na maji yanajaa asubuhi mapema na jioni. Baada ya siku ile tukawa tunachagua Jumamosi kwa mwezi na haijawahi kutuangusha. Kama huamini mwezi tafuta jedwali la maji la Southend Pier, lipo mtandaoni bure.

Siku ile tulikaa mpaka yakarudi. Tulinunua samaki na chipsi, paundi kumi na kitu kila mmoja, na hapa kwa wenzetu Waislamu ulizeni wanakaangia nini, kuna maduka Uingereza yanatumia mafuta ya ng'ombe na wengine ule unga wa kukaangia samaki wanauchanganya na bia, ukiuliza vizuri wanakujibu bila shida. Na usile ukiwa umesimama karibu na ukuta. Shakwe wa Southend ni majambazi, mmoja alishuka nyuma ya kichwa changu akaondoka na kipande kizima cha samaki, waifu badala ya kunipa pole akamsifia shabaha. Baada ya hapo aiskrimu ya Rossi, hao wapo mjini tangu miaka ya 1930, chukua ile ya limau. Mabembea ya Adventure Island yapo pembeni ya gati, sisi tuliangalia tu watu wanavyopiga kelele.

Kuogelea mimi sishauri. Mwezi wa tano maji ni nyuzi kumi na mbili hivi, waifu aliingia mpaka magotini akatoka anatukana Kidigo. Mwezi wa nane hapo ndio afadhali. Watu wengi pale wala hawaogelei, wanakaa kwenye viti na majaketi wanakunywa chai wanaangalia maji, na ukishakaa nao kidogo unaona hawana makosa.

Kwa hiyo mleta mada, una Jumamosi mbili zimefuatana. Hapo una bahati, kwa sababu zimepishana wiki moja, kwa kawaida moja inakuwa karibu zaidi na bamvua na nyingine karibu zaidi na maji mafu. Angalia ipi ni ipi. Ya bamvua nendeni moja kwa moja Southend Central, mfike saa sita, mtakuta maji yamejaa mpaka karibu na ukuta na shemeji hataamini habari za tope. Kama mnaweza hiyo ya maji mafu tu, shukeni Leigh saa tano asubuhi, kombe kwanza, tembeeni taratibu, gati mliache mpaka saa tisa, na msipande treni ya kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ndimu bebeni kutoka nyumbani.