Hisabati inatosha kuombea uzamili wa grafiki za kompyuta?

Ndugu, umeuliza kama shahada ya hisabati, bila kusomea kompyuta, inatosha kuombea uzamili wa grafiki za kompyuta. Mtaji unao: vekta, matriksi na integrali ndiyo kazi ya kila siku huko. Hata mlinganyo wa mtafiti wa grafiki James Kajiya wa 1986, unaoeleza jinsi mwanga unavyosambaa katika mandhari, ni integrali.

Pengo lako ni kuandika programu. Anza lugha ya programu ya C++ sasa, uunde programu ndogo ya kufuatilia miale, yaani inayochora picha kwa kukokotoa njia ya mwanga: tufe moja, taa moja, kivuli. Tufe likitokeza madoadoa meusi, sogeza chanzo cha mwale wa kivuli (ule unaotoka kwenye tufe kuelekea taa kuangalia kama kuna kizuizi) nje kidogo ya uso wa tufe. Kazi hiyo iambatanishe kwenye maombi.

Na usome makala za msimamizi unayemtaka. Mimi naliweka hilo mbele ya jina la chuo.