Je, mamothi waliuawa na virusi?

SWALI: Shikamoo mzee. Redioni walisema kuna virusi vya kale vilivyofufuliwa kutoka kwenye barafu ya Siberia. Mwanangu wa darasa la sita ananiuliza kama virusi hivyo ndivyo vilivyowamaliza mamothi, wale tembo wenye manyoya. Nimjibu nini? – Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Vile vya Siberia asiviogope. Virusi vya miaka 30,000 vilivyofufuliwa na maabara ya Ufaransa, ikatangazwa mwaka 2014, hushambulia amiba tu, vile viumbe vidogo vya seli moja. Ila swali lake si la kitoto. Mwaka 1997 wanasayansi Ross MacPhee na Preston Marx walidai kwamba watu walipoingia Amerika, huenda wao au mbwa wao walibeba maradhi mageni, na wanyama wakubwa wasio na kinga wakafagiliwa.

Mimi nilikuwa bwana mifugo, na hoja hiyo hunikumbusha sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na virusi. Mwaka huohuo 1997 ilionekana tena kaskazini mwa nchi. Tulichanja tangu alfajiri, tukikimbizana na barafu ya kuhifadhia chanjo isiyeyuke. Mzee mmoja wa Kimaasai, ameshika ndama wake pembe, alinisimulia ya babu yake: ng'ombe anatokwa machozi, fizi zimechubuka, anaharisha mpaka anaanguka. Hiyo ni sotoka ya miaka ya 1890. Ilifyeka ng'ombe, nyati, nyumbu na twiga hadi kusini mwa Afrika. Lakini nyati wapo, na nyumbu wamejaa Serengeti! Kirusi huishi kwa kuambukizwa. Wanyama wakibaki wachache, tena mbalimbali, kinakosa pa kwenda.

Kuna kisa kimoja kinachonisuta. Mwaka 1899 meli ilishusha panya wageni katika Kisiwa cha Christmas, kusini mwa Java. Haikupita miaka kumi, panya wa asili wakaisha. Ngozi zao zilizohifadhiwa makumbusho zilipopimwa, majibu yakatoka 2008: vimo vimelea jamaa ya vile vya malale, ila hivi huenezwa na viroboto. Si virusi, lakini ni ugonjwa. Basi, kisiwa ni kidogo, panya atakimbilia wapi? Mamothi walitapakaa Ulaya, Asia na Amerika, na wa mwisho waliishi Kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, hadi miaka 4,000 hivi iliyopita, wenzao wa bara wakiwa wametoweka zamani.

Mimi nawashuku zaidi wawindaji na hali ya hewa iliyobadilika. Ugonjwa labda uliongezea. Mwanao akitaka kunibishia, asihangaike na mifupa, maana virusi vingi haviachi alama humo. Atafute nyama iliyoganda.