Yaliyokukuta Wewe na Yanayowakuta Wengi

Mazungumzo ya malezi katika ukoo wetu hufika mahali pale pale. Mtu mzima mmoja atasema, "Sisi tulichapwa, na mbona tumekuwa watu?" Basi, mjadala umefungwa. Nani atamwambia mjomba wake kwamba hajawa mtu?

Mimi humwuliza kwa upole: wale walioharibiwa na viboko, leo wangekuwa wameketi wapi? Wengine walikwishajitenga na ukoo, wengine wako hapa hapa wakisikiliza kimya. Anayesimulia ni aliyesalimika. Ushuhuda wa mjomba siukatai. Unathibitisha kwamba mtoto anaweza kuchapwa na bado akawa mtu wa maana. Hauonyeshi wangapi hawakuwa, wala kama yeye mwenyewe asingekuwa bora zaidi bila fimbo. Kulijua hilo kunataka kuangalia watoto wengi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti za miaka 50 hivi, zenye watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kuchapwa kunaambatana na ukorofi zaidi, si utii. Ukiniambia huenda wakorofi ndio wanaochapwa sana, hapo tuna mjadala wa maana.

Hata hivyo sipatani na wanaokatiza kila simulizi kwa kusema "hicho ni kisa kimoja tu". Mwaka 1961 daktari wa uzazi wa Australia, William McBride, aliona watoto wenye kasoro kubwa za viungo wakizaliwa na mama waliotumia thalidomaidi, dawa iliyosifiwa kwa kutuliza kichefuchefu cha ujauzito. Hakuwa na takwimu kubwa. Aliandika barua fupi kwa jarida la The Lancet akaeleza alichokiona, kisha akauliza kama wasomaji wamekutana na jambo kama hilo. Ujerumani, daktari wa watoto Widukind Lenz naye alikuwa ameshaliona. Watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kuzidi 10,000. Kinachonivutia ni lile swali. Anayetafuta ukweli huuliza, "Na nyinyi mmeona?" Anayetafuta ushindi huishia kwenye "mimi nimeona". (Miaka mingi baadaye McBride huyo huyo alikutwa na hatia ya udanganyifu katika utafiti wa dawa nyingine, na mwaka 1993 akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Kupatia mara moja hakumpi mtu kinga.)

Namba nazo zina ujanja wake. Mwaka 1995 ilitangazwa Uingereza kwamba baadhi ya vidonge vipya vya kuzuia mimba huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Maradufu! Wanawake wengi waliviacha, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukaongezeka kwa maelfu. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000, na ujauzito huongeza hatari hiyo kuliko kidonge. Siku hizi nikisikia "mara mbili" nauliza: mara mbili ya ngapi?

Sasa niwaseme wapenzi wa takwimu, mimi nikiwemo. Rafiki yangu mmoja mwanawe alipatwa na degedege la homa siku kadhaa baada ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Degedege hilo hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 3,000 hadi 4,000 wanaochanjwa, na kwa kawaida haliachi madhara. Surua yenyewe huua mtoto 1 hadi 3 kati ya kila 1,000 wanaoipata. Namba hizo nilikuwa nazo mdomoni. Sikuzitoa siku ile, kwa kuwa hakuuliza uwezekano. Alikuwa anaeleza jinsi macho ya mwanawe yalivyogeuka. Nilimsikiliza, nikauliza homa ilidumu muda gani na daktari alisema nini.

Zamu ya kuchanjwa mdogo wake ilipokaribia, aliniuliza mwenyewe, ndipo tukaziangalia namba pamoja. Nikamshauri pia amweleze daktari kisa kizima kabla ya chanjo, maana historia ya degedege katika familia ni jambo ambalo daktari hulizingatia anapochagua chanjo ipi itolewe na homa idhibitiwe vipi. Kwa huyo mdogo, yaliyompata kaka yake nayo ni sehemu ya ushahidi.