Boti ya faiba ya mtumba: igonge kwanza, lipa baadaye

Mkuu, umeuliza kama boti ya faiba uliyoonyeshwa Bagamoyo, yenye rangi mpya inayong'aa, inaweza kujulikana uzima wake bila kukatwa. Inawezekana kwa sehemu kubwa. Kazi yangu ni kukarabati boti hizi, na rangi ndiyo kitu cha mwisho ninachotazama.

Nguvu ya faiba iko kwenye nyuzi za kioo. Uzi wenyewe unahimili zaidi ya megapaskali 3,000 (kipimo cha mkazo) ukivutwa, wakati rezini ya poliesta, yaani gundi ya maji inayoganda kati ya nyuzi, peke yake haifiki 100. Lakini rezini ndiyo inayoshikanisha tabaka. Zikiachana, ubavu wa milimita 8 unageuka kuwa vipande viwili vya milimita 4 vinavyoteleza, na uwezo wake wa kukataa kupinda unashuka hadi robo. Kwa nje huoni chochote.

Kwa hiyo gonga. Nyundo ndogo ya plastiki au sarafu nzito inatosha. Pita taratibu, kila sentimita 5 hivi, hasa chini ya omo, yaani mbele ya boti, panapopigwa na mawimbi na kandokando ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Faiba iliyoshikana hutoa mlio mkali, mkavu. Iliyoachana hutoa mlio mzito, uliokufa. Weka alama ya chaki. Penye taruma (mbavu za boti) au foma (povu gumu) ndani mlio hubadilika pia, ila hapo hubadilika sawasawa kushoto na kulia. Doa lililo upande mmoja tu ndilo la kutilia shaka.

Chini ya mstari wa maji tafuta vilengelenge. Mwenye boti akiridhia, toboa kimoja, ukiwa umevaa miwani kwa sababu maji yake hutoka kwa shinikizo. Yakinuka kama siki, maji yamekwishapenya na yanaila rezini.

Ndani, kwenye ngama (sakafu ya chini kabisa ambapo maji hukusanyika), futa sehemu isiyo na rangi kwa kitambaa chenye asetoni. Ikianza kunata, rezini haikukomaa. Mara nyingi fundi alibania hadina, dawa ya kugandisha rezini, ambayo kawaida ni asilimia 1 hadi 2.

Sasa shetri, yaani ukuta wa nyuma wa boti, na hapa usiwe na haraka. Ubao unaobeba mashine mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na maji huingia kupitia matundu ya bolti. Inua mashine, ikandamize kwa nguvu, mwenzako atazame kama shetri inacheza. Ikicheza, omba kutoboa tundu dogo kutokea ndani: unga mkavu wa rangi ya mbao ni salama, ukitoka mweusi na mbichi plaiwudi imeoza. Shetri iliyooza ningeiacha, labda bei ishuke kwa gharama yote ya kuijenga upya.

Doa la ukubwa wa kiganja halikatishi tamaa. Husagwa kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani unene wa milimita 6 unataka msasa wa sentimita 7 kuzunguka tundu, kisha mati (mkeka wa nyuzi za kioo) mpya tabaka kwa tabaka. Fundi akikwambia atabandika mati juu ya rangi, tafuta mwingine.